Jalada la Melkior

Ukitaka kumuudhi Theopista, mwekee herufi za aina tatu kwenye ukurasa mmoja. Alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili pale Mpanda, binti wa wakulima wa mpunga wa Mpimbwe. Hakuna aliyemteua kuwa msanifu wa Nyuzi, jarida la muziki la wanachuo. Alijiteua mwenyewe siku alipoona toleo la kwanza limejaa rangi kama ubao wa saluni.

Toka siku hiyo jarida likawa na sheria. Jaladani sura moja tu, na macho yamtazame msomaji. Rangi zisizidi tatu. Chini ya jina la msanii iandikwe miaka yake ya muziki, ule alioanza na huu wa sasa, katikati kistari. Na msanii wa kuheshimiwa kwelikweli picha yake isiwe na rangi yoyote: nyeusi na nyeupe, basi. Haya yote aliyatoa kwenye majarida ya ng'ambo aliyoyaona kwenye simu, na aliyashika kuliko alivyoshika masomo.

Matoleo manne yakapita bila msanii yeyote kufikia heshima ya nyeusi na nyeupe. Wenzake wakiuliza ni nani ataifikia, aliwaambia wasubiri. Chuo kizima kilijua ni Melkior, mpenzi wake.

Melkior alitoka Karema. Alianza kupiga gitaa kwenye kwaya ya parokia mwaka 2019, na aliyemfundisha kuimba ni mama yake, Natalia, ambaye kila Jumapili ndiye aliyeanzisha wimbo. Theopista na Melkior walikuwa wamekubaliana kwamba Krismasi wataenda Karema, amtambulishe kwa mama. Theopista alikuwa na hofu. Alikuwa amesikia kwamba mama huyo hakuwa mwepesi kumpokea msichana yeyote, kwa kuwa Melkior ndiye mtoto pekee aliyebaki baada ya wawili kufa wadogo. Alitaka kufika akiwa tayari amependwa.

Basi toleo la tano likawa la Melkior. Theopista alipeleka jalada kwa Gaudiose, dada mwenye duka la kuchapisha karibu na stendi, kazi yake kubwa ikiwa ni fulana na ratiba za mazishi. Gaudiose aliitazama kompyuta, akavua miwani.

"Pole na msiba, mdogo wangu. Alikuwa anaumwa?"

Theopista alicheka mpaka akashika meza. "Dada Gau, huyu mzima kabisa. Ndio mtindo wa majarida."

"Mimi picha za hivi natengeneza kila wiki," alisema Gaudiose. "Nyeusi na nyeupe, jina, miaka. Sijawahi kutengeneza hata moja ya mtu anayekula ugali. Weka hata rangi kidogo."

Theopista aliuona ni ushamba, na uso wake haukuficha. Gaudiose akachapa alivyoambiwa, kwani mteja ni mteja.

Ijumaa asubuhi Theopista alichukua nakala moja kabla ya uzinduzi, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika juu "Mama Melkior, Karema", akamkabidhi kondakta wa basi. Barua hakuweka. Alifikiri picha ingejieleza yenyewe. Hata Melkior mwenyewe hakuambiwa, maana Theopista alitaka mama apige simu mwenyewe, atoe shukrani, aulize ni nani huyo.

Siku hiyohiyo wote wawili walikwenda Sitalike kurekodi video. Simu ya Melkior ndiyo iliyokuwa kamera, na Theopista ndiye aliyeishika. Simu za watu zilikuwa zinakatiza picha, kwa hiyo akazima mtandao. Alizima yeye, kwa kidole chake. Ya kwake ilikuwa imeisha chaji toka safarini. Walirekodi Ijumaa, wakarekodi Jumamosi, wakafurahi mno, na mtandao wakausahau.

Jumapili mchana Melkior alipouwasha, ujumbe ukamiminika. Pumzika kaka. Mbele yako nyuma yetu. Alidhani ni utani wa vijana wa kwao, akapiga simu nyumbani huku anatabasamu. Aliyepokea ni baba yake mdogo, Simon. Simon aliposikia sauti akakata. Melkior akapiga tena.

"Kama ni wewe kweli, njoo," alisema Simon. "Juzi imeletwa bahasha, tukakupigia hupatikani. Turubai limefungwa toka jana. Mama yako amenyolewa nywele. Asubuhi kwenye misa ulipotajwa pamoja na marehemu ameanguka, na mpaka sasa hajasema neno."

Theopista alikuwa amesimama karibu, akasikia yote. Aliuliza bahasha ilikuwa na nini, kana kwamba hakujua. Melkior alimtazama, na hapo ndipo alipoelewa ni nani aliyeituma. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alichukua gitaa lake akaondoka.

Kilikuwa kiharusi. Mama alilazwa wiki tatu, akarudishwa nyumbani. Kule chuoni, mhariri Leonidas alizifungia nakala zote stoo na hakuna aliyezungumzia tena toleo la tano. Theopista alipiga simu kila siku bila kupokelewa. Alikonda. Wiki ya sita alipanda basi akaenda Karema kuomba msamaha, na moyoni, tusimfiche, alikwenda kumwomba Melkior asimwache.

Melkior alimpokea mlangoni. Alikuwa ameshika bakuli la uji.

"Kuongea ameanza tena," alisema taratibu. "Ila hanijui. Kichwani kwake mimi nimekufa, nimezikwa. Nimemwonyesha kovu la mguuni, nimemwonyesha kitambulisho. Akalia, akasema nimeiba vitu vya marehemu. Daktari kasema tusibishane naye."

Mama Natalia alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia umelala mapajani, nywele ndiyo kwanza zinaota. Ukutani nyuma yake lilikuwa lile jalada, limebandikwa vizuri, rozari imening'inizwa juu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Huyu ni Theopista," alisema Melkior. "Ndiye aliyetengeneza ile picha."

Uso wa mama ukachangamka. Alinyoosha mkono wa kushoto akamvuta Theopista akae, akamshika shavu.

"Mungu akubariki, mwanangu. Wengine wanafiwa hawabaki hata na picha. Na ulivyomtoa vizuri, ananiangalia popote nikikaa." Akageuka kumtazama Melkior. "Huyu kijana naye sijui katumwa na nani, ananihudumia vizuri. Jioni ananiimbia. Anajitahidi, lakini mwanangu alikuwa anamzidi."

Melkior alikoroga uji, ingawa haukuhitaji kukorogwa.

"Nikuulize, binti," mama akasema, sauti ikashuka. "Wewe ulikuwa naye siku zile za mwisho?"

"Nilikuwa naye, mama."

"Aliteseka?"

Theopista alimtazama Melkior, na Melkior alitazama ndani ya bakuli. Alisubiri amsaidie, hakumsaidia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Hakuteseka, mama. Alikuwa anaimba."

Mama alifumba macho, akavuta pumzi ndefu. Halafu akafungua kinywa apewe uji, na aliunywa wote, kijiko baada ya kijiko, mpaka bakuli likawa tupu.

Melkior alimsindikiza Theopista hadi barabarani. Walipofika alisimama.

"Toka atoke hospitali hajawahi kumaliza uji," alisema. "Asante kwa hilo."

"Melkior, nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila usirudi, Theo. Ukirudi atakuuliza tena, na mimi siwezi kukaa pale nikusikie ukinizika mara ya pili."

Theopista akasema sawa. Melkior akarudi ndani kwa mama yake, kumwimbia.