Mtoa Mistari

Tangu alipoigiza maiti katika tamthilia moja, wenzake walimwita Marehemu. Shemeji yake alisema ile maiti ilikuwa safi mno, nusura apige simu kuuliza mazishi ni lini. Jina halikumkera. Kilichomkera ni kwamba katika miaka yote ya kuhangaika na usaili alikuwa amepita nyuma ya wengine, amebeba ndoo, amelala ndani ya shuka, lakini hajawahi kupewa neno hata moja la kusema. Safari hii alitaka nafasi yenye maneno, na aliijua: mke anayegundua kwamba mumewe alifukuzwa kazi zamani, ila bado anaaga kila asubuhi.

Usaili ulifanyika katika ukumbi wa mikutano, ghorofa ya kwanza ya jengo la ofisi. Viti vilisukumwa ukutani, na sakafuni ulibandikwa utepe mweupe kuonyesha mahali pa kusimama mbele ya kamera. Marehemu alifika wa kwanza, na hilo ndilo lililomponza.

"Dada, unasoma vizuri?" mwongozaji alimuuliza. Mtu aliyepangwa kusoma maneno ya mume hakutokea. "Hebu watolee wenzako mistari."

"Lakini zamu yangu ndiyo ya kwanza."

"Utaingia mwishoni. Utakuwa umeshachangamka."

Alikubali kwa hesabu inayoeleweka: mwongozaji angemwona kazini siku nzima. Alisimama pembeni ya kamera, kwa kuwa mtoa mistari hatakiwi kuonekana, akashusha sauti ili asimfunike anayesailiwa. Kazi aliifanya barabara. Mwoga alimpunguzia kasi. Aliyepayuka alimjibu kwa upole mpaka naye akashuka.

Alasiri akaingia binti mmoja anayetetemeka, akasahau maneno, akaanza upya, akasahau tena. Marehemu aliweka karatasi chini, akamtazama machoni.

"Nilikuwa nakaa kwenye benchi la kituo cha basi," alisema, kwa sauti ya mume aliyechoka. "Mpaka saa ya kurudi."

Binti akalia machozi ya kweli.

"Huyu ndiye," mwongozaji alimnong'oneza mpiga picha. Marehemu alisikia, akaendelea kutoa mistari.

Zamu yake ilipofika, msaidizi wa mwongozaji alipewa maneno ya mume. Aliyasoma kama anayeita namba za foleni benki. Marehemu alisimama kwenye utepe.

"Kila asubuhi nakupigia pasi shati. Ulikuwa unakwenda nalo wapi?"

Alisikia sauti yake ikitoka ndogo, ya kumpisha mwenzake. Msaidizi alipopotea, alimwelekeza mstari kwa kidole. Uso wote aliugeuzia kwake. Kamera iliambulia sikio.

"Asante," alisema mwongozaji.

"Naomba nirudie."

"Dada yangu, hukukosea neno. Ila umemtolea mistari mtu anayekutolea mistari." Mpiga picha akacheka. "Kesho tunawarudisha wale bora. Njoo uwasomee. Hapo nakuvulia kofia."

"Mimi nisomewe na nani?"

"Marehemu, usianze."

"Yule binti alilia kwa sababu ya nani?"

"Alilia, basi. Wewe hukulia."

"Tafuta mtu mwingine wa kesho."

"Unajua ni wangapi wanatamani kukaa humu ndani?"

"Waite."

Akashuka ngazi. Alipofika chini maneno yalikuwa bado yamemkaa kooni, akayatoa yote, kwa sauti yake kamili, akiutazama ukuta: shati, pasi, na ulikuwa unakwenda wapi. Mlinzi aliinuka kitini.

"Mama, taratibu. Kama bwana amekosa, kamalizaneni nyumbani. Hapa ni kazini."

"Sina bwana, kaka. Naigiza tu."

"Unaigiza?" Mlinzi alichungulia nyuma yake kumtafuta huyo mwanamume. "Mbona mimi nimeanza kujitetea moyoni?"

Mpiga picha alikuwa anashuka, kamera imefungwa ndani ya begi begani.

"Kesho asubuhi, Marehemu," alisema akiwapita. "Usichelewe."

"Sitakuja."

"Haya. Asubuhi."