Katibu Alivyonipeleka Ulaya

Usiku wa jana niliota niko foleni ya uwanja wa ndege, na uwanja wenyewe ulikuwa duka la Mangi Lyatuu, kati ya mabati na mapipa ya misumari. Sikushangaa. Nikiwa macho hushangazwa hata na bei ya nyanya, lakini usingizini nikionyeshwa ndege imeegeshwa nyuma ya mifuko ya saruji, naona ni sawa tu.

Kabla sijaendelea, niwajulishe niliyekuwa naye. Katibu ni paka. Jina hilo alipewa na marehemu mke wangu, Namkunda, kwa sababu kila tulipokaa kikao cha nyumbani alipanda mezani, akakalia karatasi, akasikiliza hadi mwisho bila kuchangia neno. Sasa tumebaki wawili, mimi na Katibu, katika nyumba ya vyumba vinne hapa Mwanga. Binti yetu Elineema anaishi Leipzig, Ujerumani, na ameniita nikakae kwake. Akasema na Katibu aje: paka huruhusiwa kupanda ndege pamoja na watu, mradi akae ndani ya mkoba chini ya kiti cha mbele, na paka na mkoba wake wasizidi kilo nane. Mkoba akautuma kabisa, mzuri, wenye wavu pembeni.

Mimi nikamjibu, "Nimemuuliza, amekataa."

Sikuwa nimemuuliza. Shida yangu ilikuwa lile benchi la nje ya duka la Mangi Lyatuu. Pale kwa miaka nimewasimulia watu safari zangu za angani, ikiwemo ile niliyomwelekeza rubani njia alipopotea juu ya Sudan. Sijawahi kupanda ndege. Sasa mtu wa sifa zangu aonekane uwanjani amekumbatia paka? Nikaamua Katibu abaki kwa Mangi Lyatuu akamate panya wa stoo. Mangi ni Mchaga na mimi ni Mpare, kwa hiyo sisi ni watani. Alisema atakuja kumchukua Jumapili, na kwamba panya wakiisha asilaumiwe, supu haichagui nyama.

Basi niko foleni. Katibu yuko mbele yangu, amekaa kitako, pasipoti ameishika mdomoni. Mimi nimeshika mkoba mtupu.

Kwenye kaunta hakuna mtu. Kuna mizani, ile ile ya kupimia misumari, na inaongea kwa sauti ya Mangi Lyatuu.

"Abiria mmoja, mnyama mmoja," inasema. "Abiria ni nani?"

"Mimi."

"Pasipoti?"

Napapasa mifuko. Natoa leso, natoa karanga mbili, natoa miwani isiyo na mkono mmoja. Katibu anaweka pasipoti yake juu ya sahani ya mizani. Picha imetoka vizuri, masikio yote mawili yanaonekana.

"Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa?"

Katibu anacho. Mimi naeleza kwamba nilichanjwa ndui nikiwa shule, kovu lipo begani, na naanza kuvua shati. Mizani inaniomba nisivue, kuna watoto.

"Mtani," inasema, "mpaka hapa mimi naona abiria ni mmoja, na ana mkia."

Mtu mwingine angecheka, akarudi nyumbani. Lakini mimi ni Mpare. Babu yangu mzaa baba alipeleka kesi barazani mara nne kwa ajili ya jogoo aliyekuwa ameshakufa, tena jogoo mwenyewe alikuwa wa jirani. Nikasema nafungua shauri.

Hakimu alikuwepo palepale. Alikuwa mkanda wa mizigo, ule mpira mweusi unaopita na masanduku, na taabu yake ni kwamba hakuacha kuzunguka. Anapita mbele yangu, anauliza swali, anaingia ukutani kwenye mapazia ya plastiki, kisha anatokea upande wa pili na sanduku la mtu mgongoni, kusikiliza jibu.

"Nani kati yenu hutoka nyumbani na kurudi apendavyo?" anauliza, anapita.

Namngoja arudi. "Katibu," nasema. "Mimi huenda benchini tu."

"Na nani hukaa dirishani akimngoja mwenzake?"

Anarudi na begi jekundu. "Mimi," nasema. "Lakini huwa nasoma gazeti."

"Gazeti la lini?"

Niliona kesi inaegemea upande wa mkia.

Mzunguko uliofuata hakimu alirudi mtupu, akapunguza mwendo, akasema jambo lililonitoa jasho. Alisema yeyote atakayethibitika kuwa abiria ataapa mbele ya watu wote kwamba alimuuliza mnyama wake kuhusu safari, na kwamba jibu alilolipeleka Ulaya ndilo alilopewa. Akiapa uongo, hasafiri. Atabaki dukani kukamata panya.

Nikageuka nyuma. Foleni nzima ilikuwa imekuwa watu wa benchini. Wamekaa, miguu wameikunja, wananisubiri mimi.

Nikafikiri upesi, kama tunavyofikiri sisi tukiwa kwenye kesi: bila kutazama mbele. Nikavuta suruali juu, nikakohoa.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi si abiria. Mimi ndiye mnyama. Na mnyama haapishwi."

Nikatoa ushahidi, na niseme ukweli, sijawahi kuongea vizuri vile. Nilieleza kwamba nalala mchana. Kwamba nisipowekewa chakula naranda jikoni nikifunua masufuria matupu. Kwamba nikikunwa mgongo naacha ugomvi. Kwamba usiku mlango ukilia nainua kichwa nikidhani ni Namkunda, kumbe ni Katibu anatoka matembezini. Kila usiku ni Katibu, na kila usiku nainua kichwa.

Hakimu alisimama kabisa. Mizani ikaninong'oneza kwamba mkanda ule haujapata kusimama.

"Umeshinda," hakimu akasema.

Nilishikana mikono na benchi zima. Nilimpa hata mtoto mmoja nisiyemjua mkono. Ni baada ya hapo ndipo nilipoanza kujiuliza nimeshinda nini hasa, na wakati huo Katibu alikuwa ameshafungua zipu ya mkoba.

"Mnyama asiye na chipu haingii Ulaya," mizani inasema. Sindano inatoka yenyewe ndani ya pipa la misumari na kunichoma nyuma ya shingo. Chipu ni kitu kidogo, kama punje ya mchele, lakini inapoingia unaisikia hadi kwenye visigino.

"Jina la mwenye mnyama?"

"Katibu," alisema Katibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake. Ni nzito kidogo, kama ya mtu aliyewahi kufanya kazi wilayani.

Nikatia mguu mmoja kwenye mkoba. Mshale wa mizani ukazunguka mpaka ukagonga mwisho.

"Kilo nane na mkoba wake, mtani. Punguza."

Nikasema nimekula ugali tu, na mchicha.

"Siulizi ugali. Toa ulichobeba."

Nikaingiza mkono ndani ya shati nikakuta pamejaa. Nikaitoa kwanza ile safari ya rubani aliyepotea juu ya Sudan. Ilikuwa kubwa kama gunia la mkaa, na ilivuja. Mshale ukashuka. Nikamtoa chatu niliyemfunga fundo kule Kisiwani. Yeye alitoka kwa kuvutwa, mzee mmoja wa benchini akinisaidia na kusema huyu siku zote alimtilia shaka. Nikatoa na nilivyotakiwa na timu ya taifa nikakataa kwa sababu ya mvua. Kila nilichokitoa nilikiweka kaunta, na kila nilipokiweka nilipungua, hadi suruali ikabaki imesimama peke yake na mimi nimo mkobani, nimeenea vizuri.

Sheria inataka mnyama aweze kusimama, kugeuka na kulala. Nikasimama. Nikageuka. Nikalala. Watu wa benchini wakapiga makofi; kwa miaka yote hawajawahi kunipigia makofi.

Lakini mshale ulikuwa umepita nane kwa unywele.

"Kuna kitu umebakiza," mizani ikasema.

Nikajifanya kutafuta. Nilijua kilipo, kilikuwa chini ya ulimi. Katibu ameinama, ananitazama kupitia wavu, macho yake ya manjano hayapepesi. Nyuma yake ndege imeshaanza kunguruma kati ya mifuko ya saruji.

"Sikumuuliza," nikasema.

Mshale ukatulia kwenye nane.

"Najua," alisema Katibu, akifunga zipu. "Nilikuwepo kikaoni."

Mara niko chini ya kiti. Namna tulivyopanda siijui, kwa hiyo hata hilo la kupanda ndege bado sitaweza kulisimulia. Kiti kilicho juu yangu kinanung'unika kwamba anayekikalia ana funguo mfukoni, na sasa chini kimewekewa mpangaji. Nakiomba radhi. Kupitia wavu naona miguu minne ya Katibu ikining'inia. Amekaa dirishani, amefunga mkanda, anatazama mawingu kama mtu anayekagua shamba lake.

Mhudumu anapita. Naomba kahawa. Anamwambia Katibu, si mimi, kwamba mnyama haruhusiwi kupewa dawa ya usingizi, kilevi wala kitu cha kumchangamsha akiwa angani. Naletewa maji kwenye kifuniko cha chupa. Nikayalamba. Hili mkikutana na Mangi Lyatuu mlipite.

"Amezoea ndege?" mhudumu anauliza.

"Anasema amezoea," Katibu anajibu.

Mhudumu akainama kunichungulia, akasema ana umri mkubwa huyu, wengine wa namna hii huachwa tu kwa jirani, ni usumbufu mdogo kwa wote. Hukufikiria hilo, akauliza.

Katibu alimsikiliza hadi mwisho, kama afanyavyo vikaoni.

"Nilifikiria," akasema. "Lakini huyu mlango ukilia huinua kichwa. Ningemwacha, angeinua kichwa na asiingie mtu."

Mimi nikajifanya nimelala.

Tulitua Leipzig, ambayo ilikuwa Usangi ya kwetu milimani, ila barabara zilikuwa na lami mpaka juu. Mpakani alikaa muhuri, muhuri mzima wa mpira wenye mpini wa mbao, amevaa koti. Akamuuliza Katibu ana nini cha kutangaza.

"Mzee mmoja," alisema Katibu. "Wa kufugwa. Haumi."

Muhuri akanisogezea uso wake, una wino. "Na wewe mwenyewe? Unataka kuingia?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Wala Elineema hakuuliza, alituma tiketi. Wala mimi sikujiuliza. Nilikuwa nashughulika na benchi. Nikatazama nyuma, nikaona nyumba yangu ya vyumba vinne ikiwa ndogo huko chini, milango yote imefungwa. Nikafungua mdomo kusema ndiyo.

Ikatoka nyau.

Muhuri akajiinua, akashuka juu ya paji la uso wangu, na nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Katibu hakuwepo kitandani. Mkoba ulikuwa pale pale juu ya kabati, bado uko ndani ya nailoni yake, zipu haijaguswa. Nikapapasa nyuma ya shingo. Palikuwa na kitu kigumu chini ya ngozi, kidogo, kama punje ya mchele. Nikajiambia ni mbu. Mtu mwenye historia yangu ya kusema vitu hawezi kujiamini kirahisi.

Nikampigia simu Elineema kabla sijanywa chai, maana Jumapili ni kesho na Mangi Lyatuu ni mtu wa kuwahi. Nikamwambia lile jibu nililompa kuhusu Katibu alifute.

"Baba, kwani umemuuliza tena?"

"Hapana," nikasema. "Safari hii nimeulizwa mimi."

"Nawe umesemaje?"

Nikamjibu: ndiyo.

Upande wa pili akacheka, kile kicheko cha mama yake.

"Huyo Katibu nimemsikia akilia," akasema. "Sawa, mlete. Lakini wewe, baba, umesemaje?"

Nikageukia dirishani. Katibu alikuwa nje, juu ya ukuta wa jirani, anaota jua, mdomo wake umefungwa.