Majani ya Duara

Tangu asubuhi Margwe alikuwa ameshaeleza mara nne kwamba miche yake ni ya milingoti, yaani mikaratusi, na mara zote nne baba yake, mzee Nikolausi, aliitazama miche ile kama mtu aliyeletewa mbuzi wa pembe moja. Mlingoti, alisisitiza mzee, una majani marefu yaliyopinda kama mundu. Hii ina majani ya duara, rangi ya majivu, yamekaa mawili mawili kama masikio. Basi ni maua ya mjini, na shamba la bondeni kando ya chemchemi litapandwa maharage.

Miezi mitano Margwe ameilea miche hiyo. Mbegu alizikung'uta mwenyewe kutoka kwenye vitunda vikavu vya milingoti ya Mogitu. Sasa mvua imeshika, mashimo sitini yako wazi huko bondeni, na shangazi yake Bernadina amesimama na kikapu cha maharage, akisubiri neno la kaka yake tu.

Margwe alifikicha jani, akalisogeza puani mwa mzee. Mzee alikuwa na mafua siku ya tatu.

"Sisikii kitu."

"Baba, jana si ulijifukiza majani ya mti huu huu?"

"Yale yalikuwa marefu."

Bernadina akacheka, akamwambia Margwe kwamba msomi wa miti ameshindwa na irabu za darasa la kwanza.

Damu ikamchemka Margwe. Akawaongoza wote wawili mpaka njia ya kanisani, kwenye kisiki cha mlingoti uliokatwa mwaka juzi. Kilikuwa kimechipua. Machipukizi mafupi yalijaa majani ya duara. Moja lilikuwa limeyapita mengine kwa urefu: chini duara, juu kabisa mundu.

Mzee akalipapasa toka chini hadi juu, polepole, kama anayekagua mbavu za ng'ombe mnadani.

"Kumbe linabadilika likikua."

"Ndicho nilichosema tangu asubuhi, Baba."

"Basi miche yako ni milingoti kweli."

"Ni milingoti."

Margwe akanyoosha mabega. Mzee akapenga kamasi, akafikiri.

"Sasa mlingoti wa kweli nitauwekaje karibu na chemchemi? Si utainywa yote? Bernadina, kapande maharage. Na wewe, peleka miche yako kule juu kwenye mawe."

Margwe akaenda kutafuta sururu.