Koti la Saa Nne

...na hata hivyo si yeye aliyepanga saa, alijiambia, mikono imenyooshwa pande zote mbili kama mtu anayefukuza kuku shambani, saa zilipangwa na wengine, mahakama ilipanga yake na ikulu ikapanga yake, zikagongana zenyewe, saa nne na saa nne, sasa yeye afanyeje, ajipasue katikati, nusu ikatoe ushahidi na nusu ikaapishwe unaibu waziri... na dada yake yuko pale chini amepiga magoti, pini tano kazibana midomoni, anashika pindo la suruali, anaachia, anashika tena, na pini zikae hukohuko, Mungu wangu, zisitoke, maana zikitoka ataongea, na akiongea ataanza na Mwalimu. Mwalimu ni mume wa dada, shemeji yake yeye, mwezi wa tatu huu analala rumande kwa jiwe ambalo hakulirusha, jiwe lililompofua askari jicho siku ile walipoandamana uwanja wa shule usiuzwe, na yeye mheshimiwa alikuwa ubavuni kwake juu ya gari, aliona, hakusimuliwa, mkono mmoja wa Mwalimu ulishika kipaza sauti na wa pili ulishika daftari la mahudhurio, alikuwa anaita majina ya watoto kama yuko darasani na watoto huko chini wanaitika nipo, nipo, nipo, hilo jiwe angelirusha kwa mkono gani, au kwa meno? Wakili alisema hakimu hatasikiliza wanafunzi na wazazi wao, leteni mtu mzito, na mtu mzito akasimama katika chumba hikihiki cha kushonea, akaweka mkono kifuani, akasema nitakuja hata wanifunge mimi. Alisema vizuri. Kusema hajawahi kushindwa.

"Kushoto kidogo," dada alisema kwa pembe ya mdomo, naye akageuka kushoto kidogo, mbele ya kioo kirefu chenye ufa, akaliona koti, koti jeusi, bitana ya kijivu, limekaa mabegani kama limemwagwa, hakuna fundi anayemfikia dada kwa mabega... na kampeni ile ya kwanza hakuwa na koti, alikuwa na shati moja la maana lililokwisha kola, dada akaifumua kola akaigeuza, upande uliochakaa ukaenda ndani, akamwambia vaa, usiiname sana tu, na hakuinama, alishinda akiwa na kola ya kugeuzwa na ndani yake kulikuwa na mtu, jamani, kulikuwa na mtu kweli, aliyekuwa akisema neno analala nalo na kuamka nalo. Alikwenda wapi? Hakuna siku aliyofukuzwa. Ungeuliza ni lini hasa, asingeweza kukuonyesha siku, ilikuwa ni kunyamaza kidogo huku na kucheka kidogo kule, ukitaka cha mvunguni sharti uiname, alisema, akainama, akainama tena, na huko mvunguni mtu anazoea, anaanza kutandika. Kisha akaangushwa. Miaka mitano nje ya bunge, wee, hiyo ndiyo hakuna anayekusimulia, simu inakaa mezani hadi unaipigia mwenyewe kwa simu ya mkeo kuona kama nzima, harusini unapewa kiti karibu na mlango wa jikoni, unapishana na sahani, na yule aliyekuwa akikufungulia mlango wa gari anakuangalia kama anajaribu kukumbuka mlisoma wote wapi... Hata jehanamu haiogopi kama anavyokiogopa kile kiti cha karibu na jikoni. Hilo hajamwambia mtu, hata mkewe. Angesema nini, kwamba yeye mtu mzima mwenye wajukuu anatetemeka kwa ajili ya kiti?

"Mkono juu. Huo mwingine." Pini moja imetoka mdomoni, zimebaki nne. Alirudi bungeni, ndiyo, kwa upinzani, akafoka miaka mitatu, akaandamana, halafu wiki mbili zilizopita katibu wa chama kikubwa akampigia, sauti ya upole kama ya daktari anayetoa majibu, hakuna anayekukataza kwenda mahakamani, mheshimiwa, nchi huru hii, ila kiti hakisubiri, nyuma yako wamesimama sita, na bado akaulizia wajukuu. Akavuka. Alisema anavuka ili asaidie akiwa ndani, asiyekuwepo na lake halipo, na atamtoa Mwalimu kimyakimya kwa simu moja, naibu waziri akipiga simu nani atakataa... lakini simu ya kumwambia nani nini? Kwamba ile kesi aliyoogopa kuisemea hadharani waifute kwa siri? Watamcheka. Watamcheka kwa heshima na kumkaribisha chai, kwa kuwa watajua bei yake, na mtu ambaye bei yake inajulikana hapigi simu, anapigiwa. Na dada alipouliza, kuapishwa ni saa ngapi, ulimi ukajibu saa nane, basi vizuri, dada akasema, utapitia mahakamani kwanza, nitahakikisha koti limeisha, hakimu akikuona umependeza atajua huyu si mtu wa mtaani. Kwa hiyo ameshona kwa ajili ya hakimu. Kila tundu la kifungo ameshona kwa ajili ya hakimu, na nje dereva mpya amewasha gari jipya, na sasa saa mbili na nusu, bado mapema, mtu anaweza kusema nimebadili mawazo saa mbili na nusu, watu hubadili, mahakama si mbali, ni kushuka tu barabara hii na kupinda kulia...

Redio iliyokuwa juu ya cherehani ilimaliza matangazo ya sabuni ikaanza habari kwa ufupi, naye akajua kabla ya kusikia, saa nne asubuhi hii, ilisema ile sauti, manaibu waziri wapya wataapishwa ikulu, na akangoja mkono wa dada usimame. Haukusimama. Ulichukua pini, ukakunja kitambaa, ukapitisha pini, sawasawa, bila kumgusa ngozi, na hapo ndipo alipoelewa, redio hii imewashwa tangu alfajiri, habari zimesomwa saa kumi na mbili na saa moja na saa mbili, dada anajua, alimfungulia mlango akijua, akamwuliza umekunywa chai akijua. Amchome basi. Pini moja tu, mbavuni, apige kelele, agombane naye, apate cha kumkasirikia aende nacho huko. Lakini dada alitoa pini zilizobaki moja moja akazichomeka kwenye mto wake mdogo, akachukua futi ya kupimia, akaizungusha tumboni mwake chini ya koti.

"Unajibana," alisema.

"Sijajibana, dada."

"Unajibana tumbo. Wote wanaokuja hapa hujibana, nami husubiri, hakuna anayeweza mchana kutwa. Pumua, mdogo wangu. Nataka likukae wewe."

Likukae wewe... akatafuta la kusema, kwamba wamenibana, kwamba wale sita, kwamba katibu, na kila jina alilolishika halikuwa na mkono juu yake, hakuna aliyemshika, hata mmoja, mlango uko wazi na barabara inashuka, ni yeye tu aliyetaka, anataka, anataka hata sasa hivi huku futi imemzunguka na mke wa Mwalimu amepiga magoti mbele yake. Dereva alipiga honi mara moja, kwa adabu. Dada hakuinua macho. Alishika futi kwa vidole viwili, akasubiri apumue, naye akasimama mikono imenyooka, tumbo ndani.