Rufaa Mbele ya Mama Ngoja

Asubuhi hiyo binti alipiga magoti chumbani, pini mdomoni, akipunguza joho jekundu la mama yake. Alikuwa fundi cherehani, na macho yake hayakumdanganya: joho lililomkaa mama sawasawa miaka ile sasa lilimning'inia kama pazia. Siku hiyo jengo jipya la mahakama lilikuwa lipewe jina la mama, mwanamke wa kwanza nchini kukalia kiti cha jaji. Mawakili walimwita Mama Ngoja, maana wakili akianza kukimbiza maneno, yeye aliinua kidole akasema, "Ngoja. Hapa tunaongelea uhai wa mtu."

"Rufaa ya yule msichana imeshasikilizwa?" mama akauliza.

Swali lilelile, kila kukicha.

"Bado, mama. Iko kwa majaji wa juu."

"Wanachelewa."

"Wanachelewa kweli. Nyoosha mkono."

Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemla mama kidogo kidogo. Ulianza na njia ya dukani, ukaja kwenye jina la marehemu mumewe, na siku nyingine ulifuta hata sura ya binti. Yule msichana tu ndiye haukumgusa. Mume wa msichana huyo alimpiga mpaka mimba ikatoka, na alipoinuka pale sakafuni akamrudishia kwa mchi, pigo moja kichwani, mume akafa. Mama alikuwa mgeni kwenye kiti, na sheria ya wakati ule haikumwachia upenyo: aliyeua, anyongwe. Alisoma hukumu bila sauti kutetemeka, akarudi nyumbani, akajifungia bafuni akafungulia maji ili mtoto asimsikie. Mtoto alimsikia. Rufaa ikatupwa, msichana akanyongwa. Tangu hapo mama aliivalia njuga sheria ile. Aligombana na wakubwa, akanyimwa vyeo, akazeeka nayo, hadi ikabadilishwa. Wako watu wanaopumua leo kwa sababu yake. Hayo yote yamemtoka kichwani.

Mlangoni mwa ukumbi wa sherehe binti alimvuta pembeni Jaji Mkuu, ambaye ujanani alifundishwa kazi na mama.

"Kaka, nakuomba. Usiitaje kesi ile. Hajui kama yule msichana alikufa."

"Dada, hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Niseme nini, kwamba alikuwa anawahi kazini?"

"Sema hivyo hivyo. Nakuomba."

Jaji Mkuu akampigapiga begani, akaingia.

Hotuba ilianza vizuri. Mama alikaa mstari wa mbele, shingo imenyooka, na binti akaanza kuamini mambo yatapita salama. Kisha Jaji Mkuu akageuza ukurasa. "Msichana yule alinyongwa," akasema, "lakini kifo chake kilizaa—"

Mama akasimama.

"Nani kamnyonga?"

Jaji Mkuu akashusha karatasi zake.

"Nauliza, nani kamnyonga na rufaa bado?" Sauti ilikuwa ileile ya kitini. Nyuma mtu akacheka kwa aibu, na wapiga picha wakainua kamera. Binti akamfunika mama mtandio, akamshika kiuno, akamtoa kwa mlango wa pembeni huku kwaya ikiamriwa haraka kuimba.

Ndani ya gari mama alimgeukia binti.

"Niambie kweli. Kanyongwa?"

Kwa miaka binti alikuwa amempa uongo kama mtu anavyompa mgonjwa dawa, kijiko kila asubuhi. Sasa aliutafuta mdomoni, akaukosa.

"Ndiyo, mama. Kanyongwa."

Mama alilia mdomo wazi, bila sauti, na binti hakuwa na la kufanya ila kumshika vidole. Kilio kikakatika ghafla. Mama akamtazama kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza.

"Wewe ndiye wakili wake?"

Binti alisikia makofi kutoka ukumbini. Bila shaka pazia la ukutani lilikuwa limefunguliwa na jina la mama likaonekana.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi zungumza."

Binti ambaye hakuwahi kusoma sheria hata siku moja alifungua mdomo, akajikwaa kwenye neno la kwanza. Akaanza upya. Akaeleza kipigo, akaeleza mimba, akaeleza sakafu na mchi. Akaomba, machozi yakimchuruzika hadi shingoni, kwamba msichana aachwe aishi. Aliomba kana kwamba bado yuko mtu wa kuachwa. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani, bila kumkatiza.

"Umeeleza vizuri," akasema mwishowe. "Hukumu nitaitoa kesho asubuhi."

Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akasinzia akiwa ndani ya joho lake. Binti alishika usukani muda mrefu kabla ya kuwasha gari. Kesho asubuhi ataulizwa tena kuhusu rufaa, na hakujua atajibu nini.