Sketi Zilizokatwa Mshazari

Mama mwenye binti, chunga unacholalamikia mbele yake. Janeffer wa Kiptere hakuchunga. Alikuwa akipuliza moto jikoni akasema, "Kwa mkutano wa kanisa huko Kapkatet akina mama wote watavaa sare. Mimi nitakaa nyuma kama mgeni." Mchango wa kitambaa ulikuwa umemshinda. Alisema tu vile mtu anapumua. Binti yake Chelangat alikuwa hapo akimenya viazi, masikio wazi.

Chelangat alikuwa akijifunza kushona kwa Drusilla, fundi wa sokoni. Drusilla alikuwa amemwahidi kwamba zile sketi za sare ya kanisa zikitoka vizuri, ile cherehani ya pili atakuwa anaikalia yeye. Somo la kwanza alimfundisha akiwa amemshika mikono juu ya kitambaa.

"Vuta huku. Umeona kimekataa? Huo ndio uzi wa urefu. Sketi ilale hivyo. Ukiilaza mshazari vipande vitabanana na kitambaa kitabaki, lakini sketi ikifuliwa itajipinda, maji yatakuumbua. Na mshono uachie nafasi ya kidole, usiupunje."

Siku Drusilla alienda Kaplong kumwona mgonjwa, Chelangat alikata sketi za sare peke yake. Baadaye akaja nyumbani na sketi kwapani.

"Kitambaa kilibaki, mama. Jaribu."

Janeffer akaivaa, akazunguka jikoni akiimba. Hakuuliza kilibaki namna gani.

Akina mama wakazifua sketi zao Jumamosi, Jumapili wakazivaa kwa safari ya Kapkatet. Kwa uwanja wa kanisa, Valary, mwenye mzaha wao, akapiga kelele: "Haki, mimi naelekea Kapkatet, sketi yangu inaelekea Sotik!" Wakacheka, halafu kila mtu akajiangalia. Mishono ya ubavuni ilikuwa imetembea mpaka mbele ya goti. Mama mmoja akainama kuokota Biblia, ikasikika praa!

Drusilla, aliyekuwa hapo kati yao, akageuza upindo wa sketi ya Valary ndani nje. Mshono ulikuwa umepunjwa mpaka nyuzi zinachomoka.

"Chelangat, nani alikuambia ulaze mshazari?"

Macho ya Drusilla yakapita kwa akina mama, yakasimama kwa Janeffer, ambaye hakuwa amechanga lakini alikuwa amevaa sare.

"Ni mimi tu, madam," Chelangat akasema haraka. "Nilikosea."

Janeffer akaivuta leso yake kufunika ile sketi.

"Kitambaa kama hiki sitapata tena," Drusilla akasema, sauti chini. "Nilikuwa nakupenda, wewe msichana. Kesho usikuje."

Jumatatu Chelangat alijifunga kikapu mgongoni akaingia kwa majani chai kuchuma. Janeffer akamfuata.

"Nitaenda kwa Drusilla. Nitamwambia ni juu yangu."

"Mama, wewe hukushika makasi."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo moyo wa Janeffer ulipasuka. Heri angemtukana. Msichana akageuka kwa mstari mwingine, akaendelea kuchuma, na mama yake akabaki amenyoosha mkono, hajui amshike wapi.