Kuonja si Kunywa

Tegua hiki, wewe uliyekaa karibu na mlango: mgeni ameingia nyumbani mdomo umezibwa, ametulia, hasemi na mtu, wenyeji wakamzibua, na tangu hapo ni wao walioshindwa kuziba midomo yao. Ni nani?

Umesema redio? Karibu, lakini redio ya siku hizo haikuzibwa mdomo hata mara moja. Chama kilikuwa kinasema ndani yake toka asubuhi mpaka watu wamelala. Ni chupa, mwanangu. Chupa ya divai. Nami niliiona ikiingia kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, mwaka ule baada ya serikali kuwanyang'anya Wazungu magazini, yaani maduka yao, na kuwapa wananchi.

Mmoja wa wananchi hao alikuwa Sitwayeni Kabwe. Siku hizo hakuna kusema bwana. Kila mwanaume ni sitwayeni, hata aliyekuibia kuku ni sitwayeni mwizi. Kabwe alipewa magazini ya Mgiriki mmoja, pamoja na vyote vilivyokuwemo. Akauza vilivyokuwemo. Vilipoisha, akashangaa kwamba havikuzaa vingine. Vikabaki viberiti na makopo ya nyanya, na yeye mwenyewe nyuma ya meza, tumbo limejaa ndani ya abakosti, suti ya Chama isiyo na tai, ya rangi ya majivu. Lakini chini ya magazini Mgiriki aliacha chumba cha divai ya Ufaransa, chupa zimelala safu kwa safu kama wagonjwa. Hizo Kabwe hakuziuza. Hizo zilikuwa za kumfanya aonekane mtu.

Sasa Kabwe akamtaka Musonda.

Musonda alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wangu. Alikuwa anasoma ukunga, amebakiza mwaka mmoja tu, na akirudi kutoka hospitali anatusimulia kila mtoto aliyempokea, huyu alitoka na nywele nyingi, huyu alitoka amekasirika. Naye Kabwe ameshatangaza mjini: mke wangu hatavuta watoto wa watu, atakaa nyumbani azae wangu. Na alikuwa na mke mwingine kule Kambove, na mwingine hapa mjini ambaye si mke sana lakini funguo za nyumba anazo yeye.

Ujue desturi yetu. Pombe ya uchumba ikiletwa, hakuna anayeigusa mpaka binti ameulizwa mbele ya watu wote: pombe hii, tuinywe? Akisema munywe, amekubali. Akisema musinywe, pombe inarudi na mwenyewe. Lakini tone moja likishuka kooni mwa mkubwa wa familia, basi, limeshuka na binti. Huwezi kumrudishia mtu kitu kilichomo tumboni mwako. Na anayeuliza ni shangazi. Ndiyo mimi.

Mkubwa wa familia alikuwa kaka yetu Mukuka. Zamani aliitwa Adalbert. Ilipokuja sheria ya kuacha majina ya Kizungu, akaliacha siku ileile. Jina la Kizungu walimkataza, kiu ya Kizungu hakuna aliyemkataza. Kampuni ya shaba ilimpeleka Ubelgiji miezi michache kujifunza mashine. Mashine sijui kama alizielewa, lakini alirudi na kofia, kikohozi, na elimu ya divai. Tangu hapo hakunywa hata maji bila kuyanusa.

Wakaja Jumapili, baada ya misa. Kabwe mbele na chupa yake imefungwa ndani ya taulo kama mtoto mchanga. Nyuma yake msemaji wake, muzee Feruzi, Mwislamu wa Maniema, mwenye duka jirani na lake. Pombe haonji, lakini kwa kupanga maneno hakuna aliyemshinda toka hapa mpaka Kasomeno.

Ukoo mzima ulikuwa umekaa, wajomba, mabinamu, hata wale ambao hatukuwaona tangu kilio cha mdogo wangu. Wakatazama mlangoni wakingojea kreti za biya. Hakuna kreti.

"Chupa moja?" wifi yangu Agnès, mke wa Mukuka, akaninong'oneza. "Bantu hawa bote, chupa moja? Iko ya kunywa ao ya kupaka?"

Kabwe alisikia. "Mama, biya iko ya bantu ba kelele. Mimi nilileta kintu ya kuiva. Divai ya Bordo. Soma mwaka: hamsini na sita. Ilizaliwa mwaka moja na Musonda!" Akacheka, akampigia jicho Musonda, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani za karanga. "Yote mbili iliiva. Ni kufungua tu."

Wajomba wakacheka. Musonda hakucheka. Nami nikaona kidole chake kinasukuma karanga moja ukingoni mwa sahani, mpaka ikaanguka.

"Na isiwekwe mu frigo," Kabwe akaongeza. "Divai nyekundu habainywe baridi."

Agnès akaipokea kwa mikono miwili, akaipeleka jikoni. Na kwa vile aliambiwa si ya baridi, akaiweka karibu na mbabula, pale makaa yanapowaka. Tena akatazama chini ya chupa, akaona kitu kizito kimelala. Agnès ni mpishi wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na munkoyo usipoutikisa, uzito wote unabaki chini na mgeni unamnywesha maji. Akaionea divai huruma. Akaishika shingoni, akaitikisa, akaitikisa vizuri, mpaka ikawa sawa juu na chini. Ndipo akaileta.

Feruzi akasimama, akakohoa. "Bakwe, sisi tulikuwa tunapita mu njia, tukaona ua muzuri mu bustani yenu."

Bustani yetu ilikuwa mihogo na kamba ya kuanikia nguo, lakini ndivyo inavyosemwa. Akamaliza maua yake, akakaa. Ikawa zamu yangu. Nikamwita Musonda katikati.

"Musonda, mwana wa ndugu yangu. Pombe ya Sitwayeni Kabwe njo hii. Sema mbele ya bote: tuinywe, ao tusiinywe?"

Musonda akainua uso. Akafungua mdomo.

"Simama!" Ni Mukuka. Ameshavaa miwani. "Dada, unauliza mutoto juu ya kintu ambayo hakuna muntu aliihukumu? Divai ya umri hii? Kule Bulaya, mukubwa anaonja kwanza, anasema iko muzima ao ilikufa. Kisha njo bengine banakunywa."

"Kaka, kwetu mukubwa anangoja."

"Kunywa, ndiyo, anangoja. Mimi sitakunywa. Nitaonja."

"Na tofauti yake?"

"Tofauti yake ni elimu."

Musonda akafunga mdomo. Swali langu likabaki linaning'inia hewani, kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Kizibo kilikuwa kimezeeka. Mukuka akakivuta, nusu ikatoka, nusu ikaingia ndani, akasema hiyo ni dalili njema. Akamimina. Kilichotoka kilikuwa kama maji ya mto Lubumbashi ukifurika, na kilikuwa kinatoa moshi kidogo.

"Eh," Kabwe akasema, na uso ukamshuka kidogo.

Lakini Mukuka hakushindwa. Aliinua glasi dirishani, akaiinamisha, akaitazama kama anasoma barua ya mtu mwingine. "Mutazame rangi. Matofali! Divai kijana iko damu, divai muzee iko matofali. Na hii unga ndani yake, ile inaelea, njo akili ya divai. Isipokuwa na unga, haina akili."

Agnès akajinyoosha kitini. Akili ile aliitia yeye.

"Na joto yake! Musikie glasi. Iko jua ya Bordo, jua ya mwaka ile, bado iko ndani."

"Jua ya mbabula," Agnès akaninong'oneza, na tukaziba midomo kwa vitenge.

Akaingiza pua yote. "Nasikia ngozi. Nasikia uyoga. Tumbako. Majani ya kuoza nyuma ya mvua."

"Kaka," nikasema, "hii ni divai ao soksi ya muzee?"

"Dada, nyamaza, hii ni kazi. Iko muchanganyiko, hii. Mizabibu ya namna tatu. Ya kwanza inaleta mifupa, ya pili inaleta nyama, ya tatu inaleta chumvi kidogo."

"Basi iko supu," mjomba mmoja akasema kwa huzuni, maana njaa ilikuwa imeanza.

"Sitwayeni Kabwe anajua kuchanganya tatu," nikasema. "Mifupa iko Kambove, nyama iko hapa mujini, sasa anatafuta chumvi."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Kabwe akajifanya anarekebisha alama ya Chama kifuani. Na hapo, wakati wanacheka, Mukuka akatia divai mdomoni. Si tone. Mdomo mzima. Akaanza kuizungusha, mashavu huku, mashavu kule, kama mtu anayesukutua jino bovu.

Kicheko kikakatika. Kila mtu alikumbuka desturi mara moja.

"Kaka," nikasema polepole, "kule Bulaya, kisha ya kuonja, banafanya nini?"

Akanionyesha kwa kidole: banatema.

"Basi tema."

Akageuka kutafuta mahali. Kabwe akasimama. "Kutema? Pombe yangu? Mbele yangu? Muntu analeta pombe ya bukwe, mweye munaitema?"

Na alikuwa na haki, hilo niseme. Kutema kinywaji cha wakwe ni matusi ambayo hata mbuzi wawili hawayafuti. Kumeza, binti ameondoka. Mukuka akabaki pale katikati, mashavu yamevimba, macho yametoka, anatazama mlango, anatazama beseni, ananitazama mimi. Shahada yake ya Ubelgiji yote ilikuwa mle mdomoni, na haikuwa na pa kwenda.

"Vumilia, kaka," nikamwambia. "Binti ajibu kwanza. Musonda…"

Lakini Feruzi alikuwa fundi. Alimsogelea Mukuka taratibu, mikono nyuma, kwa heshima nyingi, kama mwanafunzi kwa mwalimu.

"Muzee," akasema, "mimi muntu wa dini, bintu hivi sivijui. Unifundishe. Hii divai, wewe mwenye kusoma, unaihukumu namna gani?"

Mwanangu, unajua samaki anavyojua kwamba ni ndoana na bado anafungua mdomo? Kaka yangu hajawahi katika maisha yake kuulizwa swali la elimu akakosa kulijibu. Tukaona koo lake linapanda. Tukaliona linashuka.

"Ni divai kubwa," akasema. "Iko na miaka kumi bado mbele yake."

"Alikunywa!" Feruzi akapiga mikono. "Mweye bote mashahidi! Alhamdulilahi, muzee alikunywa, mutoto ni wetu!"

Ikawa soko. Kabwe anacheka, anashikana mikono na mabinamu. Mukuka anapiga kelele: "Nilionja! Kuonja si kunywa! Mama akionja mboga jikoni, utasema alisha kula?"

"Akionja sufuria nzima, ndiyo," akajibu Feruzi.

"Mimi nilikuwa hakimu! Hakimu akisikiliza kesi ya mwizi, yeye pia ni mwizi?"

"Hapana," nikasema, "lakini hakimu hamezi kuku ile iliibwa."

Kabwe akamkumbatia Mukuka begani, akampelekea mdomo sikioni, lakini sauti yake ilikuwa ya watu wote. "Mukwe wangu, juu ya nini kugombana? Hii ilikuwa moja. Wenzake beko chini kule, safu kwa safu, banangoja muntu mwenye kuwajua. Nani mu Lubumbashi atabahukumu, kama si wewe?"

Nikamwona Mukuka akivua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. Alipozungumza, sauti ilikuwa imelainika kama ugali uliozidi maji.

"Kusema kweli," akasema, "nikifikiri vizuri… kidogo ilishuka. Na divai ikisha kufunguliwa, hairudi mu chupa. Desturi ni desturi."

Agnès akatazama chini. Wajomba wakatazama chupa, kama inawatosha. Hakuna aliyemtazama Musonda. Feruzi alikuwa ameshaanza kuuliza siku ya kumchukua, kama ingefaa kabla ya mvua.

Nikasimama. "Swali yangu haiyajibiwa."

"Swali gani tena, mama?" Kabwe akasema. "Koo ya muzee ilijibu."

"Mimi sikuuliza koo." Nikamgeukia mtoto wa ndugu yangu, na ninakwambia, kama angenyamaza sasa, hakuna ambacho shangazi angeweza kufanya. "Musonda. Pombe hii, tuinywe ao tusiinywe?"

Musonda akaweka sahani za karanga mezani. Akapangusa mikono kwenye kitenge, kama anavyofanya anapotaka kumpokea mtoto, hana haraka, hana hofu. Akampigia goti baba yake mkubwa, kwa adabu kamili.

"Musiinywe," akasema. "Na yule aliisha kumeza, afunge bintu vyake, aolewe yeye."